Vyeti Thelathini na Vinne

Karani wa kiwanda cha dobi alikuwa na chumba chake juu, mwisho wa ngazi za chuma, chenye dirisha lisilotazama nje bali ndani. Ukisimama hapo unauona ukumbi mzima wa kazi: mashine nane za kufulia zikizunguka kama zimekasirika, roli za pasi zikitema mvuke, na watu thelathini na wanne wenye aproni za bluu wakipokea mashuka ya hospitali na mahoteli yakiwa machafu na kuyatoa yakiwa meupe pe. Kazi yake ilikuwa kuandika kilichoingia na kilichotoka, nani kaja na nani hakuja. Aliifanya miaka tisa bila mtu kumnyooshea kidole.

Mwaka ule ofisi kuu ilileta Mfumo. Watu waliutamka hivyo tu, Mfumo, kana kwamba ni mjomba wa mtu aliyekuja kukaa na hajasema ataondoka lini. Ofisa wa mafunzo, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza, aliwaeleza kupitia skrini iliyotundikwa kwenye chumba cha chai. Alisema mfanyakazi akiacha kazi huondoka na maarifa yake, kampuni ikabaki inapapasa. Kuanzia sasa maarifa yote yatakaa mahali pamoja. Kila mtu atasoma kozi kumi na mbili, atajibu maswali, na akizimaliza zote atapata cheti chenye jina lake. Wamepewa miezi mitatu.

Wasikilizaji waliitikia kwa vichwa, kisha wakarudi mbio ukumbini, maana lori la hospitali lilikuwa limeshapiga honi mara mbili.

Hawakuwa wabishi. Ila walisimama kwa miguu tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kompyuta zilikuwa mbili tu, zote juu. Kuhusu kusoma kwenye simu, hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Mikono iliyoloweshwa miaka na miaka huchubuka ncha za vidole, na kioo cha simu hakivitambui. Povu, yule bwana aliyepima dawa za mashine zote nane, alikuwa akibonyeza simu yake kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. "Inanikana," alisema. "Nimeinunua mwenyewe, halafu inanikana." Jina la Povu alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mikono mikavu.

Siku ya mkutano ule karani hakuwepo. Alikuwa likizo ya uzazi. Alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia, na wiki ya nne akarudi kazini, ingawa likizo ilikuwa bado inamruhusu kukaa nyumbani. Hakuona la kukaa nalo.

Watu wa chini walimwambia pole, mmoja mmoja, wakimshika mkono kwa vidole vyao vilivyokunjamana. Baada ya hapo wakawa wanapita karibu naye kwa kunyata. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Yeye mwenyewe aliyangoja maumivu yaje, akajiandaa kuyapokea, lakini hayakuja. Ilikuja ganzi. Alikula kwa sababu ameshika kijiko, aliandika kwa sababu ameshika kalamu, na mumewe, fundi wa magari asiyekuwa mwingi wa maneno, alikuwa akirudi jioni ananawa, anakaa, anamtazama, halafu anawasha redio.

Aliyevunja ule ukimya alikuwa mwanamke mmoja wa kwenye pasi, mtu mzima, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Alipanda ngazi akihema, akajibwaga kwenye kiti.

"Wee mtoto, si unakaa na hii kompyuta kutwa? Nifanyie hili balaa. Nikikosa wataniandikia barua, na mimi maandishi ya kwenye kioo hayanikai machoni."

"Neno lako la siri ni lipi?"

"Nitalijulia wapi? Andika lolote. Andika 'pasi'."

Karani akaandika pasi. Baadaye alijiuliza kwa nini hakukataa, akaona sababu ilikuwa ndogo tu: Shangazi hakumwambia pole. Alimwambia nifanyie.

Habari haikukaa tumboni. Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wamepanda tisa, kisha ishirini, kisha wote. Aliyapanga maneno yao ya siri kwenye karatasi moja aliyoibandika chini ya meza. Walianza kumwita Profesa, wakarudi kumtania, wakamletea chai juu. Meneja naye alipita mlangoni siku moja, akaona skrini, akaona jina lililoandikwa juu ya skrini, ambalo halikuwa la aliyeketi. Akakohoa. "Hakikisha yote yamekwisha kabla ya Ijumaa," akasema, akaenda zake.

Angeweza kubofya tu mpaka mwisho, lakini alisoma kila ukurasa, kila mara. Namna ya kunyanyua mzigo bila kuumiza mgongo. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Dawa ikiingia jichoni, osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka, kope zikishikiliwa wazi, dakika ishirini bila kupunguza, kisha ndipo hospitali. Swali la saba la kozi ya nne lilikuwa hilo, na alilijibu mara thelathini na nne. Mwisho wa kila kozi kengele ndogo ililia na sauti ya mwanamke ikasema, "Hongera! Umefaulu!" Karani hakuizima. Hakumpa mtu yeyote mia kwa mia, isije ikatiliwa shaka. Shangazi alimpa themanini na nane. Bwana mmoja aliyezoea kusinzia juu ya marobota alimpa sabini na moja, akamwonea huruma, akampandisha hadi sabini na nne. Povu, kwenye kozi ya dawa, alimpa tisini na sita, kwa sababu kwa kweli alizijua dawa zake kuliko yeyote.

Ofisi kuu ikatuma salamu. Tawi lao limekuwa la kwanza kati ya matawi yote, watu wote wamefaulu, hakuna aliyechelewa. Ofisa wa mafunzo alitokea kwenye skrini akitabasamu na kusema wao ni mfano wa kiwanda kinachojifunza. Watu walipiga makofi huku wakimtazama karani, na karani alipiga makofi pia.

Miezi mitano ilipita hivyo.

Jumanne moja, kwenye saa nne asubuhi, Povu alikuwa akibadilisha mpira wa pampu kwenye dumu jekundu. Dawa ya dumu jekundu ndiyo inayokata mafuta. Ikidondoka sakafuni huacha baka jeupe kwenye saruji. Kibano cha mpira kilikuwa kimechakaa. Kilichomoka, mpira ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, na dawa ikampiga usoni.

Ukelele wake ulipenya mashine zote nane. Karani aliacha kazi aliyokuwa akiifanya, akashuka. Alipofika chini walikuwa wameshamzunguka. Povu alikuwa amepiga magoti, na watu wanne walikuwa wakimfuta uso kwa taulo. Mahali pale taulo hazikosekani. Walichukua moja nyeupe, wakaitupa, wakachukua nyingine. Shangazi alikuwa akiomba Mungu kwa sauti. Msimamizi wa zamu alikuwa akiita dereva.

Hatua tatu kutoka pale, ukutani, lilikuwepo beseni la kuoshea macho, la chuma, lenye bomba lake. Mtu alikuwa ameliegeshea ndoo ya vibanio.

"Maji," karani alisema. "Mwosheni kwa maji. Dakika ishirini."

"Gari liko tayari, Profesa," msimamizi alijibu bila kugeuka. "Hospitali watajua la kufanya. Mnyanyueni!"

Wakamnyanyua. Karani alirudi nyuma kuwapisha. Hakurudia. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja saa, kisha akasimama akiwatazama wakimtoa mlangoni, mmoja bado amemkandamizia taulo jichoni. Barabara ilikuwa na foleni. Walifika baada ya dakika hamsini.

Jicho la kushoto liliokoka. La kulia daktari alilitoa siku ya Alhamisi.

Wiki mbili baadaye meneja alimwita karani, akafunga mlango. Alikuwa na fomu ya ajali mezani na uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Ofisi kuu wanataka rekodi ya mafunzo ya Povu. Ichape. Halafu uchape na hii barua."

Alichapa rekodi: kozi ya nne, asilimia tisini na sita. Kisha akachapa barua. Barua ilisema kampuni inasikitika, lakini mfanyakazi alikuwa amefundishwa kikamilifu namna ya kushughulika na dawa na nini cha kufanya zikimpata, na alifaulu kwa alama za juu. Kwa hiyo kilichotokea kimetokana na uzembe wake, na kampuni haitawajibika kumlipa fidia. Vidole vyake viliandika bila kukosea herufi. Aliisoma mara mbili kutafuta makosa ya tahajia, akakuta moja, akalirekebisha. Akampelekea meneja asaini.

Meneja alishika kalamu, akaishikilia hewani. "Itaondoka Ijumaa ijayo," alisema, kama anayemjibu mtu.

Jumapili mchana karani alikwenda kumtazama Povu. Mkewe alimpokea mlangoni, akamketisha, akaenda kuteka maji ya kunywa. Povu alikuwa amekaa dirishani na bandeji upande mmoja wa uso. Kwa mara ya kwanza karani aliiona mikono yake ikiwa mikavu; ngozi ilikuwa imeanza kunyooka.

"Karibu, dada Profesa."

"Ahsante. Unaendeleaje?"

"Nusu nusu," alisema Povu, na wote wawili walielewa kwamba ilikuwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

Walikaa. Nje mtu alikuwa akipiga msumari ukutani. Kisha Povu akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:

"Lile somo langu la dawa. Walisema tufanye nini?"

Karani alimweleza. Maji yanayotiririka, kope wazi, dakika ishirini, hapo hapo.

"Hapo hapo?"

"Ndiyo."

"Bomba lilikuwa pale."

"Lilikuwepo."

Mkewe alirudi na glasi, akaiweka, akawatazama, akatoka tena.

"Na mimi nilikuwa najua," karani alisema. "Nilisema mara moja. Nilitakiwa kupiga kelele."

"Watu wote walikuwa wanapiga kelele."

"Nimeandika barua, Povu. Wanasema ulifundishwa, kwa hiyo kosa ni lako. Alama nilizokupa mimi ndizo wanazokupigia nazo."

Jicho moja lililobaki lilimtazama kwa muda mrefu. Karani alingoja atukanwe. Alidhani akitukanwa huenda kitu kitafunguka ndani yake.

"Mimi ndiye niliyepanda ngazi kukuomba," Povu alisema mwishowe. "Ukisema ukweli, si watatufukuza wote? Shangazi ana wajukuu. Kaa kimya, dada. Jicho haliwezi kurudi."

Alitoka pale akitembea kwa miguu hadi nyumbani. Hakulia. Alipofika mumewe alikuwa amelala chini ya gari la jirani, miguu tu ikionekana. Alisimama karibu na ile miguu, akaieleza yote, kuanzia neno "pasi" hadi barua. Miguu haikusogea. Alipomaliza, mumewe alijivuta nje, uso una grisi.

"Hiyo barua imeshakwenda?"

"Ijumaa ijayo."

"Basi siku bado zipo."

Aliingia kunawa, na jioni ile hakuwasha redio.

Jumatatu karani aliufungua Mfumo. Miongoni mwa wale waliokuwa tawini, yeye peke yake alijua kuna ukurasa mwingine nyuma ya kurasa, kwa sababu alikuwa amesoma hata maelezo ya wasimamizi ambayo hakuna aliyeombwa kuyasoma. Ukurasa huo uliandika kila mtihani ulifanyika lini, kwa muda gani, na kwenye kompyuta ipi. Watu thelathini na wanne, kompyuta moja, iliyokuwa juu ya ngazi za chuma. Siku nyingine watu sita walifaulu ndani ya saa tatu, mfululizo, kila mmoja akianza dakika mbili baada ya mwenzake kumaliza, wakati karatasi ya mahudhurio ikiwaonyesha wako kwenye mashine. Mfumo ulikuwa umeyaandika yote haya tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuuliza. Katika orodha ya tawi zima kulikuwa na jina moja lenye alama nyekundu, la mtu ambaye hajaanza hata kozi ya kwanza. Lilikuwa lake, lililoachwa nje ya hesabu tangu alipokuwa likizo.

Alichapa ule ukurasa, akampelekea meneja, na meneja akaita ofisi kuu kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Ofisa wa mafunzo akatokea kwenye skrini. Leo hakutabasamu.

"Nani alikuomba ufanye hivi?"

"Hakuna."

"Walikupa maneno yao ya siri."

"Mimi ndiye ninayeyatunza. Niliyatunga mwenyewe. Wao hawakujua lolote, walidhani maelezo yako ya kwenye skrini ndiyo mafunzo yenyewe."

Huu ulikuwa uongo, na aliusema bila kupepesa macho, kwa sauti ile ile aliyotumia siku ya ajali kusema "Maji".

"Na mkuu wako wa tawi? Alijua?"

Meneja alikuwa akitazama viatu vyake. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Hapana," karani alisema. "Hakujua."

Mtu angeweza kuona kwamba ofisa anapiga hesabu ya namna atakavyowaeleza wakubwa wake kuhusu tawi la mfano. Kisha akauliza swali ambalo karani hakulitegemea. "Ulijifunza chochote?"

"Vyote," karani alijibu.

Barua ya Povu haikuondoka. Ofisi kuu iliandika nyingine, fupi, na kumlipa, si kwa ukarimu, lakini walimlipa, wakamwahidi kazi nyepesi ya kukunja. Karani aliachishwa. Alipewa siku tano za kukabidhi, na siku ya tano meneja alimletea fomu kwenye Mfumo, kwa aibu, kwa vile ofisi kuu ilisema kila anayeondoka lazima aijaze. Kisanduku cha kwanza kiliuliza: unajua nini ambacho wengine hawakijui? Chini yake pakaandikwa, herufi zisizidi mia tano. Aliandika mahali zinapokaa funguo za stoo, na kwamba kichapishi kinagoma karatasi ikiwa na unyevu.

Saa ya chai alishuka, akasimama mbele ya watu waliokuwa wakitafuna. Hakuwa amewahi kuwahutubia.

"Nina dakika kumi," alisema. "Nitawaambia mambo matatu." Akawaambia habari ya macho. Akawaambia habari ya moto wa umeme. Akawaambia ni madumu yapi mawili yasiyowekwa pamoja hata siku moja, kwa sababu mvuke wake unaua. Msimamizi wa zamu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaenda akaiondoa ile ndoo ya vibanio kwenye beseni. Bomba lilikuwa limeshika kutu. Ilibidi alizungushe kwa koleo.

"Kumbe ni hilo tu?" Shangazi aliuliza.

"Ni hilo tu, Shangazi."

"Dakika kumi."

"Hata hazijafika."

Shangazi alianza kulia, akajifuta kwa aproni. Karani alimshika bega. Aliuhisi mfupa wa bega lile, na jasho, na joto lake, lakini kama kitu kinachoguswa kupitia glavu. Lori likapiga honi. Wakarudi kazini.

Alikaa nyumbani mwezi mzima. Baadaye mumewe alimwambia kule gereji hakuna anayeandika chochote, wateja wanagombana naye kila siku kuhusu waliyoyasema na wasiyoyasema. Akaanza kwenda naye asubuhi. Walimwekea meza ya mbao karibu na mlango, na daftari.

Siku moja Shangazi alimpigia simu, akapiga domo nusu saa. Karani mpya ni mvulana mpole. Sasa Mfumo una kamera, unataka kuona uso wa anayesoma, hivyo wanapandishwa wanne wanne, wanakaa mbele ya kompyuta, na mtu mmoja aliyekwisha kufaulu anakaa chini ya meza akiwanong'oneza majibu. Povu anakunja mashuka kuliko wasichana wote, ila ngazi zinampa shida, hajui hatua iko umbali gani. Anamsalimu.

"Msalimie na wewe," karani alisema.

Alipokata simu, mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza akizungusha ufunguo kidoleni. Gari lake lilikuwa linatoa mlio. Alikuwa ameshamweleza fundi kijana wa zamu, akaambiwa mashine ya kupimia haioni tatizo lolote.

"Linalia vipi?" karani aliuliza.

Mzee alitazama huku na huku, akaona haya kidogo, kisha akauiga ule mlio kwa mdomo. Karani alimwomba aurudie. Akaurudia. Karani akauliza unakuja gari likiwa linapanda au linashuka, likiwa la baridi au likishapata moto, na mzee akavuta kiti, akaketi, akaanza kueleza, na yeye akawa anaandika.